Karatasi "Inayong'aa" ni Karatasi Gani? Uhakiki wa Istilahi za Uchapaji wa Wino wa Matone

Utangulizi

Kila mfasiri wa maandishi ya kiufundi anajua kwamba maneno yamtaabishayo mara nyingi si yale magumu. Neno geni kabisa humlazimu asimame, aulize, afungue kamusi, au aliandikie Baraza. Neno limponzalo ni lile jepesi, alilolizoea tangu utotoni, ambalo humjia kalamuni kabla hajapata kujiuliza kama kweli ndilo. Katika makala hii tunakusudia kulichunguza neno moja la namna hiyo, yaani kung'aa, pamoja na maneno yawekwayo kuwa kinyume chake, kama yatumikavyo katika maandishi yahusuyo uchapaji wa wino wa matone.

Tunaposema uchapaji wa wino wa matone tuna maana ya ule ufanywao na mashine irushayo matone madogo sana ya wino juu ya karatasi pasipo kuigusa. Mashine za aina hii ziliingia maofisini hasa baada ya mwaka 1984, kampuni ya Hewlett-Packard ilipotoa ile iitwayo ThinkJet. Leo hii zimeenea kila mahali: mezani pa karani, katika duka la mpiga picha, na katika karakana zichapazo mabango mapana ya barabarani. Katika mashine za kuchapa picha tone moja huwa na ujazo wa pikolita chache tu, na pikolita moja ni lita moja iliyogawanywa mara milioni ya milioni.

Mashine hizi huja na vijitabu vya maelezo. Karatasi na wino wake huja na lebo. Na ofisi zinunuazo huandika zabuni. Maandishi yote haya sasa yanaanza kutolewa kwa Kiswahili, nalo ni jambo la kufurahisha. Hata hivyo, tumepitia kiasi cha maandishi hayo na tumeona kwamba katika suala la uso wa machapisho, yaani kama uso huo umeng'arishwa au la, istilahi zitumikazo zina kasoro ambazo si za ufasaha tu. Ni kasoro ziwezazo kupoteza fedha za umma na hata kudhuru afya ya mfanyakazi.

Jambo lenyewe

Haifai kuhukumu istilahi kabla ya kulifahamu jambo liitwalo. Mwanga ukiangukia uso ulio sawasawa kabisa, kama wa kioo, hurudi wote pamoja kuelekea upande mmoja, kwa pembe ileile uliyoingilia. Ukiangukia uso wenye vinundu na vibonde, hata vikiwa vidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, hutawanyika pande zote. Uso wa kwanza hutuonyesha sura ya taa au ya dirisha. Wa pili hautuonyeshi. Baina ya hizo mbili pana ngazi nyingi, nazo hupimika.

Shirika la Viwango la Kimataifa (ISO) limeweka kanuni ya kupima hali hii kwa rangi za kupaka, ambayo ni kiwango namba 2813. Mwanga huelekezwa usoni kwa pembe ya nyuzi 60, na kiasi kirudicho hulinganishwa na kile kirudishwacho na kioo cheusi kilichosuguliwa, ambacho hupewa alama 100. Uso ukipata zaidi ya alama 70 hupimwa tena kwa nyuzi 20. Ukipata chini ya 10 hupimwa kwa nyuzi 85. Kwa karatasi, pembe itumikayo sana ni ya nyuzi 75. Hivyo jambo tunalotaka kulipa jina si sifa ya kuwapo au kutokuwapo, bali ni kipimo chenye kupanda na kushuka.

Wino nao una sehemu yake. Upo wino ambao rangi yake imeyeyuka ndani ya kimiminiko. Huu hupenya katika tabaka la juu la karatasi na kuuacha uso karibu kama ulivyokuwa. Na upo wino ambao rangi yake ni chembe ndogo zisizoyeyuka. Chembe hizo hubaki juu. Ndiyo sababu picha iliyochapwa kwa wino wa chembe juu ya karatasi iliyong'arishwa huweza kuwa na madoa ya mng'aro usiolingana: penye wino mwingi panaonekana hivi, na peupe pasipo wino panaonekana vingine. Wakati mwingine sehemu nyeusi zikitazamwa kwa upande hutoa rangi kama ya shaba. Watengenezaji wamejaribu kuiondoa kasoro hiyo kwa kuongeza wino usio na rangi, ambao kazi yake ni kuusawazisha uso tu. Mashine ya Epson iitwayo Stylus Photo R800 ni mojawapo ya zilizofanya hivyo.

Neno moja, mambo matatu

Sasa tulitazame neno kung'aa. Katika Kiswahili cha kila siku kanzu iliyofuliwa vizuri inang'aa, viatu vilivyopigwa rangi vinang'aa, kitenge kipya kinang'aa, na nyota zinang'aa. Hapana kosa katika usemi huo hata mmoja. Lakini kanzu inang'aa kwa weupe wake, viatu kwa mwanga unaorudi usoni pake, na kitenge kwa kukolea kwa rangi zake. Lugha ya kawaida haina haja ya kuvitenga vitu hivi, kwa sababu msemaji na msikilizaji wote wanakitazama kitu chenyewe. Mwandishi wa zabuni hana bahati hiyo.

Tuchukue mfano. Ofisi inataka karatasi za kuchapia ramani na chati za kutundikwa madarasani, nayo inaandika: "karatasi nyeupe, nzito, inayong'aa, yenye kutoa rangi zinazong'aa." Muuzaji afanye nini? Weupe wa karatasi una kipimo chake, ambacho huangalia kiasi cha mwanga wa buluu kirudishwacho, na karatasi yaweza kuwa nyeupe mno pasipo kung'arishwa hata kidogo. Rangi nazo zaweza kukolea vyema juu ya karatasi ya aina zaidi ya moja. Muuzaji akileta karatasi iliyong'arishwa hatakuwa amevunja mkataba. Lakini chati ikishatundikwa mkabala wa dirisha, mtoto aliyekaa pembeni hataiona Ziwa Tanganyika, ataliona dirisha. Fedha zimekwisha lipwa, na neno lililosababisha hasara hiyo limo katika zabuni, kwa mkono wa ofisi yenyewe.

Hali kadhalika kwa vyeti. Karatasi iliyong'arishwa sana haipokei vizuri wino wa muhuri wala wa kalamu. Muhuri hutambaa na sahihi hufutika kwa kidole. Afisa aagizaye karatasi "inayong'aa" kwa kutaka cheti kionekane kisafi na kipya, huenda akapata karatasi isiyoweza kugongwa muhuri.

Kwa hiyo rai yetu ya kwanza ni kwamba katika maandishi ya kiufundi mambo haya matatu yatengwe. Pa weupe paandikwe weupe. Pa rangi paandikwe kukolea, neno ambalo mafundi wa rangi na washonaji wanalo siku zote, na ambalo hutupa jina ukolevu. Hali ya uso kurudisha mwanga upande mmoja ipewe jina mng'aro, na uso wenye mng'aro mkubwa uitwe uso mng'avu. Kitenzi kung'aa kibaki katika mazungumzo, kwani huko kinastahili kabisa. Kisipewe kazi ya kupima.

Wako waliopendekeza kwamba mng'ao utumike kwa jambo moja na mng'aro kwa jingine. Hatukubaliani nao. Maneno mawili yanayotofautiana kwa herufi moja tu, tena herufi ambayo wasemaji wengi huidondosha, hayawezi kulindwa na kamati yoyote. Mchapaji wa lebo atakosea siku ya kwanza.

Kinyume chake ni nini?

Upande wa pili wa suala hili ndio mgumu zaidi. Kwa uso usio mng'avu tumekutana na majina manne, nayo tutayachukua moja moja.

La kwanza ni neno la mkopo. Glosi imekwisha zoeleka kwa baadhi ya wapaka rangi, na hatuna ugomvi nayo dukani. Lakini mwenzake amepata shida alipovuka mpaka. Wengine wameandika mati, wengine mate. Hili la pili halihitaji hoja: mwalimu amwambiaye mwanafunzi alete "karatasi ya mate" atapata kicheko, wala hatapata karatasi. La kwanza haliudhi, lakini halina ndugu yeyote katika lugha. Haliwezi kuzaa kitenzi wala jina la kifaa bila kuburutwa.

La pili ni isiyong'aa. Hili ni la Kiswahili na linaeleweka, nasi hatuwalaumu walitumiao. Udhaifu wake ni kwamba linakanusha tu. Karatasi ya kawaida ya ofisi haing'ai, ubao wa mninga ambao haujapigwa vanishi haung'ai, gunia halikadhalika. Mnunuzi aombaye "karatasi ya picha isiyong'aa" huenda akapewa karatasi ya kawaida ya kupigia taipu, nayo itanyonya wino na picha itavurugika. Karatasi anayoitaka imetengenezwa makusudi: juu yake limepakwa tabaka la kupokea wino, na ndani ya tabaka hilo mna chembe, aghalabu za silika, zilizowekwa ili uso utawanye mwanga. Kukanusha hakusemi habari hiyo.

La tatu ni iliyofifia. Hili ni kosa bayana. Kufifia ni kupungua kwa nguvu: taa hufifia, sauti hufifia, na picha ya zamani hufifia kwa jua. Kumwambia mteja kwamba picha yake itachapwa "kwa kufifia" ni kumwahidi picha mbovu. Kosa hili hufikia kilele chake katika wino mweusi. Baadhi ya mashine za picha, za Epson na za Canon miongoni mwake, hubeba wino mweusi wa namna mbili, mmoja kwa karatasi ng'avu na mwingine kwa karatasi ambayo si ng'avu. Tumeuona huu wa pili ukiitwa "wino mweusi uliofifia". Ukweli ni kinyume kabisa. Wino huo umewekwa kwa sababu juu ya karatasi yake ndio utoao weusi mzito zaidi. Weusi wa karatasi ya namna hiyo, hata ukiwa mzuri, hurudisha takriban asilimia 2 hadi 3 ya mwanga, hali ule wa karatasi ng'avu huweza kushuka chini ya asilimia 1. Kwa hiyo mchapaji wa karatasi isiyo ng'avu ndiye amhitajiye zaidi mweusi aliye mkali, na hapo ndipo lebo inapomwambia kwamba mweusi huo umefifia! Atanunua ule mwingine, na kazi yake itatoka na kijivu penye weusi. Tena jina lenyewe limefasiriwa vibaya: sifa hiyo ni ya karatasi, wala si ya wino.

La nne ni iliyopauka. Ngozi isiyopakwa mafuta hupauka. Mikono ya mpiga matofali hupauka. Neno hili limekaribia jambo kuliko yote matatu, kwa kuwa linazungumzia uso na linautofautisha na mng'aro wa mafuta. Lakini hakuna Mswahili ajisifuye kwa kupauka. Ni neno la upungufu na uzembe, na mtengenezaji hatakubali liandikwe juu ya bidhaa yake.

Pendekezo

Ukiyatazama majina haya kwa pamoja utaona kwamba yote yana kosa moja la msingi: yanaichukua hali hii kama upungufu uliotokea wenyewe. Na ufundi unatuambia kwamba hali hii hufanywa.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka katika mashine zitumiazo wino ugandao kwa mionzi ya urujuanimno. Hapo wino ni uleule na karatasi ni ileile. Taa ikiwaka mara tu tone litokapo kutua, tone hugandishwa likiwa bado nundu. Uso hujaa vinundu, na mwanga hutawanyika. Taa ikicheleweshwa, matone hutandaa, huungana na kusawazika kabla ya kugandishwa, na uso huwa mng'avu. Tofauti yote imo katika muda baina ya kutua kwa tone na kuwaka kwa taa. Hapa hakuna kilichopauka wala kufifia, fundi amechagua.

Sarufi yetu ina njia ya kulisema jambo hilo. Tunatofautisha mlango uliofunguka na mlango uliofunguliwa, kikombe kilichovunjika na kikombe kilichovunjwa. Basi tunacho kitenzi kufubaa, yaani kupotewa na nguvu ya rangi au ya mng'aro, na kauli yake ya kusababisha ni kufubaza, kama vile shangaa hutoa shangaza na pumbaa hutoa pumbaza. Kitu kilichofubaa kimeharibika chenyewe. Kitu kilichofubazwa kimepunguzwa ukali kwa makusudi. Wala hatubuni maana hii: wahudumu wa afya wanasema kila siku juu ya dawa za kufubaza makali ya virusi vya UKIMWI, na kila mtu anaelewa kwamba ukali umetulizwa kwa kazi ya mtu na kwa faida ya mtu.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba karatasi tunayoizungumzia iitwe karatasi iliyofubazwa. Kwa lebo na majedwali, ambako nafasi ni finyu, tunapendekeza kifupisho fubaze. Umbo hili lina mizizi: aliyetumwa ni mtume, kilichoumbwa ni kiumbe, aliyeteuliwa ni mteule, aliyeshindwa ni mshinde. Kilichofubazwa, basi, ni fubaze. Unga au kemikali itiwayo ili kuufanya uso uwe hivyo itaitwa kifubazi. Na ule wino mweusi utaitwa wino mweusi wa karatasi fubaze, jina ambalo linamwambia mnunuzi pa kuutumia.

Tunajua kwamba litasemwa kuwa kufubaa nako kuna harufu ya upungufu. Ni kweli, na ndiyo sababu tunasisitiza kauli. Mwandishi akiandika "karatasi iliyofubaa" atakuwa amerudi palepale kwenye kufifia na kupauka. Walimu wa sarufi wataona hapa mfano mzuri wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba mnyambuliko wa kitenzi si zoezi la mtihani tu. Kwa hali iliyo katikati tunaona nusu ng'avu inatosha, na hatuoni ubaya wa satini kuendelea, maana kitambaa cha jina hilo kinajulikana.

Kukausha na kugandisha

Kabla ya kumaliza yatupasa kugusa neno jingine, kwa kuwa limefungamana na mng'aro na lina hatari zaidi. Kwa kile kitendo cha mionzi ya urujuanimno kuufanya wino uwe mgumu, maandishi mengi hutumia kukausha. Kukauka ni kupotewa na maji au kimiminiko kingine: nguo hukauka, samaki hukauka, na wino wa kawaida wa maji nao hukauka kweli. Lakini wino wa mionzi hauhitaji kupoteza kitu ili uwe mgumu. Molekuli zake hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu ya mwanga, na kimiminiko chote hugeuka kuwa kigumu. Mafundi wetu wa ujenzi wangeielewa tofauti hii upesi kuliko wafasiri: zege huwa gumu huku likimwagiwa maji, na likikauka mapema hupasuka.

Mfanyakazi aliyesoma kwamba wino "haujakauka" atafanya ambalo kila mwenye akili hulifanya kwa kitu kibichi. Ataanika, ataweka feni, atasubiri hadi kesho. Wino huo hautagandishwa na feni. Kesho yake ataushika kwa mkono akidhani umekwisha kauka, na wino wa namna hiyo ukiwa bado mbichi huwasha ngozi na huweza kumletea mtu mzio wa kudumu. Tunapendekeza kugandisha kwa mwanga. Ule mwanga hafifu wa kwanza, ulizuiao tone lisitambae kabla ya mwanga mkuu, uitwe mgandisho wa awali. Maneno haya yanajulikana tangu kwenye uji na maziwa, hayahitaji kufundishwa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika kuunda istilahi haitoshi kuuliza "neno hili kwa Kiswahili ni nani?" Sharti kwanza tuulize kitu chenyewe kinafanywaje, nani atalisoma jina hilo, na atafanya nini baada ya kulisoma. Tukiuliza hivyo, mara nyingi tutakuta kwamba lugha ilikuwa na jawabu katika vitenzi vyake vya zamani, nasi tulikuwa tumelipita kwa haraka ya kwenda kukopa.

Mapendekezo yetu kwa ufupi ni haya:

mng'aro: kiasi ambacho uso hurudisha mwanga upande mmoja
ng'avu: -enye mng'aro mkubwa
nusu ng'avu: -enye mng'aro wa wastani
fubaze: -liofubazwa, -liotengenezwa ili kutawanya mwanga
kifubazi: kitu kitiwacho ili kufubaza
weupe: sifa ya karatasi kurudisha mwanga, isichanganywe na mng'aro
ukolevu: kiasi cha kukolea kwa rangi
mng'aro usiolingana: tofauti ya mng'aro katika chapisho moja
kugandisha kwa mwanga: kuufanya wino kuwa mgumu kwa mionzi
mgandisho wa awali: kugandisha kidogo ili tone lisitambae

Haya ni mapendekezo, na bado hayajasanifiwa. Tunawaomba wapiga picha, wachapaji na mafundi wa rangi watuletee majina wanayotumia wao kazini, hata yakiwa ya mitaani. Pengine lipo lililo bora kuliko fubaze, na tutalipokea kwa shukrani. Kwa wale waandikao zabuni ombi letu ni dogo zaidi, wala halihitaji kusubiri kikao cha kamati. Mnapotaka kuandika "inayong'aa", semeni kwanza kama mnataka weupe, ukolevu au mng'aro. Na mkitaka mng'aro, tajeni kipimo chake na pembe yake. Chati ya ukutani ni ya kusomwa na mtoto wa dawati la mwisho, na yeye hatuandikii barua kulalamika.